Kinanda cha Kumtembeza Wifi

Wifi yangu aliniita Mahajanga nikampigie mwendo wake. Alisema mguu wake mzima nao umeanza kukataa, na daktari amemwambia akae. "Mwambie aje kabla sijawa mtu wa kubebwa," alimwambia mjukuu wangu, na mjukuu wangu akanipigia simu akanirudishia maneno kama yalivyo, na kikohozi chake pia.

Mimi niko kisiwani Nosy Be, pale mjini Andoany, miaka mingi sasa. Tangu simu ile sikukaa. Nilikuwa naweka chungu motoni nasahau nilitaka kupika nini, natoka uani, narudi, natoka tena. Vidole vikawa vinapiga popote nilipovilaza, mezani, pajani, kwenye ukingo wa ndoo. Binti yangu akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia sina homa, nina safari.

Kwanza nieleze mwendo ni nini, maana vijana wa leo hawaujui.

Zamani, Mahajanga, kwenye nyumba zetu sisi wa asili ya Ngazija, bibi harusi alipotolewa chumbani kuja kukaa mbele ya wanawake, hakutoka kwa wimbo wa watu wote. Alitoka kwa mwendo wake. Siku tatu kabla, mpigaji kinanda alikuja mchana, akakaa pembeni kama mtu asiye na kazi, akimwangalia yule msichana anavyotembea: anavyokwenda mtungini, anavyorudi, anavyogeuka akiitwa na mama yake. Kutokana na hatua zile akatunga kipande kifupi. Siku ya siku, kipande kile ndicho kilichomleta kutoka mlangoni mpaka kwenye mkeka. Hakikupigiwa mwingine. Mtu akiwa uani, hajaona kitu, aliweza kusema: huyo anayetoka ni binti fulani.

Mpigaji, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nilikuwa mimi.

Nilijifunza kwa Wahindi. Mama alikuwa akienda kushona kwenye nyumba moja karibu na bandari, nami naokota pini sakafuni. Bibi mwenye nyumba alikuwa na kinanda cha upepo, kile cha kukaa nacho chini: mkono wa kulia unabonyeza vibao, mkono wa kushoto unafungua na kufunga mvukuto kwa nyuma, upepo unaingia na sauti inatoka. Akaniona ninavyokitumbulia macho, akanifundisha. Alipohama aliniachia. Skuli nilikwenda madarasa mawili, chuoni nikasoma Kurani nikahitimu, lakini kazi ya mikono yangu ilikuwa kinanda kile.

Niliwatoa mabibi harusi wengi. Majina yao yote ninayo, la kila mmoja na la mama yake, na mtaa, na nani siku ile alikuwa hasemi na nani. Hapa simtaji hata mmoja. Walio hai wana wakwe na wajukuu, na walio kaburini wana watoto wanaosoma.

Kinanda changu nilihama nacho kwenda Nosy Be, na Nosy Be ndiko kilikofia. Unyevu ulikula ngozi ya mvukuto, mende wakamalizia. Nikampelekea fundi mmoja aliyekuwa akitengeneza mitumbwi Sakatia, mtu hodari, akaniambia tundu ni tundu tu. Akaziba kwa lami yake ya mitumbwi. Maji yasingeingia tena kwenye kinanda kile, hilo kweli, lakini na upepo haukuingia.

Basi nikafika Mahajanga mikono mitupu: boti hadi ng'ambo, kisha gari la abiria, usiku na mchana, magoti yamekunjana kidevuni. Mjukuu wangu alinipokea kituoni. Yeye ni mwanamke mzima, anapiga muziki kwenye harusi, na muziki wake wote uko ndani ya kompyuta. Alinieleza tukiwa ndani ya bajaji, akipiga kelele kuishinda injini.

"Koko, nataka kununua kinanda cha midi. Kimoja tu, ndicho nitakachofanyia kazi zangu zote. Na wewe ndiye utakayekichagua."

Koko ni bibi, kwa Kikomori chetu. Sisi nyumbani tunasemezana Kimalagasi, na Kikomori kinaingia hasira zikipanda au mtu akiwa na mapenzi. Haya ninayaandika kwa Kiswahili cha marehemu baba yangu, aliyekuwa akikitumia kwa barua na kwa biashara, nami nimekishika hivyo hivyo.

"Nichague mimi kwa nini? Kazi ni yako."

"Mimi nitazoea chochote. Vidole vyako haviwezi kuzoea tena. Na kama hukipendi hutapiga, usipopiga, wifi yako hatasikia mwendo wake, na ile miendo mingine yote itakwenda nawe kabla sijaikamata kwenye kompyuta."

Alisema hivyo bila kunitazama, anaangalia barabara. Nilikuwa nikijua, lakini nilikuwa sijaambiwa.

Asubuhi yake tukaenda dukani. Lilikuwa duka la simu na spika, na vinanda vilivyokwisha kutumika Ulaya vimesimamishwa ukutani kama mbao za kuuza. Mwenye duka, mtu wa bara, mwenye adabu, akanipa kiti, akaweka viwili mezani. Cha kwanza kifupi na chepesi, vibao vyake vinaruka juu kabla hujatoa kidole. Cha pili kirefu kama benchi la skuli, vibao vizito. Alisema ndani yake mna nyundo ndogo ndogo, kama piano yenyewe.

Nikabonyeza kile chepesi. Kimya. Nikabonyeza tena.

"Hiki kimekufa."

"La, mama. Hivi havina sauti. Vinapeleka habari tu kwenye kompyuta, kompyuta ndiyo inayoimba."

"Sasa nitachaguaje kinanda bubu?"

"Kwa mguso, Koko," mjukuu wangu akasema. "Sauti tutaitia nyumbani."

Nikakaa kati ya viwili, mkono mmoja huku, mmoja kule, watu wanaingia kununua chaja wanamkuta mwanamke mzee anabonyeza kimya. Kile chepesi kilinikera papo hapo, kama kubonyeza mgongo wa chura. Kile kizito nilikipenda kwa muda mfupi, kisha nikahisi kama natembea kwenye tope la mikoko. Sikuweza kusema ndiyo, sikuweza kusema hapana. Nilisimama, nikakaa. Mwenye duka akatuhurumia, akasema tuvichukue vyote viwili, tumrudishie kimoja Ijumaa kabla ya adhuhuri, maana adhuhuri anafunga duka, anakwenda Antananarivo kuchukua mzigo na atakawia huko. Hiyo ilikuwa Jumatano. Na mimi Jumapili nilikuwa na nafasi kwenye gari la kurudi.

Wifi tulimkuta sebuleni kwake, kwenye kiti, miguu yote miwili juu ya kigoda. Ni mke wa marehemu kaka yangu. Hatukuonana miaka mitano.

"Umenenepa," akasema.

"Na wewe umekauka."

"Afadhali. Watakaonibeba wasilalamike." Akanishika mkono hakuuachia. "Haya, nipigie. Umekuja kula wali wangu bure?"

Mjukuu wangu akaweka kinanda chepesi kwenye meza ya kulia, akaunga waya, akatafuta ndani ya kompyuta sauti iliyofanana na ile ya kinanda cha upepo. Ilifanana kweli. Nikapiga mwendo wa wifi yangu, mara ya kwanza tangu tulipokuwa wasichana, na vidole havikukosea mahali hata pamoja. Kila noti ilikuja kwa zamu yake.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni nani anayetembea?"

"Si wewe?"

"Mimi? Huyo ni askari wa gwaride."

Mjukuu wangu akacheka, kisha akatuona nyuso zetu, akaacha.

Sasa niseme la wifi. Alipokuwa mdogo alipata homa, mguu wa kushoto ukabaki mfupi na mwembamba. Hatua yake ilikuwa moja nzito, moja ya kugusa tu ardhi. Chuoni tulikuwa tukimwigiza, na ninasema tulikuwa, lakini ukweli mimi ndiye niliyeanza. Nilimwigiza vizuri kuliko wote. Nilijua bega linavyoshuka, mkono unavyokwenda pembeni kutafuta ukuta usiokuwepo. Watoto walikuwa wakianguka kwa kicheko.

Kisha kaka yangu akasema ndiye anayemtaka.

Alipokuwa bibi harusi alisema hatembei mbele ya watu. Abebwe, au aletewe wanawake huko huko chumbani. Nami sikuhitaji siku tatu za kumwangalia, nilikuwa nimekwisha kumwangalia miaka. Nikatunga. Noti nzito ya mguu wa kulia, kisha ile nyepesi ya kushoto, inayokuja imechelewa kidogo, laini, kama mtu anayegusa maji kujua kama ni ya moto. Nzito, laini, nzito, laini, mpaka ukisikia unaona kwamba ile laini ndiyo yenye uzuri na ile nzito inaisubiri tu. Nikampigia chumbani peke yake, mlango umefungwa. Akasema, "Hivi ndivyo ulivyokuwa ukinicheka." Nikasema ndiyo. Akasema nipige tena.

Wakati ule jamaa zetu wengi walikuwa wamefunga mizigo kuondoka Mahajanga, kwa mambo nisiyotaka kuyaandika hapa. Harusi ilifanywa mchana, madirisha yamefungwa, wageni wachache, na nikaambiwa kinanda kisisikike barabarani. Nikapiga kwa upepo mdogo kabisa. Akatoka kwa miguu yake mwenyewe. Wanawake walisahau kupiga vigelegele, hata shangazi mmoja alipokumbuka, bibi harusi alikuwa amekwisha kukaa.

Huo ndio mwendo aliotaka kuusikia. Ukiondoa tofauti ya nzito na laini, habaki mtu pale, labda huyo askari.

Alhamisi tukakitoa kile kizito. Nikapiga, askari. Nikakaza vidole, nikazibonyeza noti nzito kwa nguvu zote nilizonazo, mpaka kifundo cha kidole cha pete kikavimba. Askari yule yule. Nikasema vinanda hivi vyote viziwi, virudishwe, mimi nirudi kwangu. Nikaenda jikoni, nikarudi, nikaenda mlangoni kuangalia barabara, hakuna kitu barabarani.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu," wifi akasema. "Mwenye miguu mibovu ni mimi, anayehangaika ni wewe."

Mjukuu wangu alikuwa anatazama kompyuta. Akaniita. Pale kwenye kioo kila noti niliyopiga ilikuwa imechorwa kijiti, kijiti kirefu kwa noti ya sauti kubwa, kifupi kwa ndogo. Vijiti vyangu vilikuwa sawa vyote, kama ua uliokatwa kwa uzi.

"Lakini nilibonyeza kwa nguvu!"

"Ulibonyeza kwa nguvu, ila polepole. Koko, hiki hakijui nguvu. Chini ya kila kibao mna vijicho viwili. Kinapima kibao kimechukua muda gani kutoka cha juu kufika cha chini. Kikishuka haraka, sauti kubwa. Kikishuka taratibu, hata ukakikalia, kinadhani unanong'ona." Kisha akanishika mkono wa kushoto. "Na huu unafanya nini?"

Nikautazama. Ulikuwa pembeni ya meza, hewani, unafungua na kufunga.

"Anavuta upepo," wifi akasema.

"Upepo gani?"

"Muulize mwenyewe. Anao upepo wake, amekuja nao kutoka Nosy Be." Akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka, lakini moyoni niliona aibu. Maisha yangu yote ukubwa na udogo wa sauti nilikuwa nikiutia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa unachagua noti tu, unashuka taratibu, unasubiri upepo. Vinanda vya watu nilivitukana bure. Kidole changu kilikuwa hakijawahi kusema kitu chenyewe.

Kukifundisha kidole kusema, kwa umri huu, ndani ya siku moja! Nilisema haiwezekani. Wifi akakunja mkono wa nguo, akaulaza mkono wake mbele yangu juu ya meza.

"Nipige hapa. Kofi na kubembeleza. Kofi linakwenda haraka, si ndiyo? Kubembeleza kunakwenda taratibu. Nipige mwendo wangu."

Nikapiga juu ya mkono wake.

"Hilo lilikuwa kofi. Hilo kofi. Hilo… hilo lilikuwa nzi. Hilo halikuwa kitu. Rudia."

Tulikaa hivyo alasiri nzima. Mkono wake ukawa mwekundu, hakuuondoa. Kila kidole kilichokosea alikitaja, "kile kinene", "yule mvivu wa pili", na kila kilipopatia alisema tu "hm". Mjukuu wangu alileta chai ikapoa.

Jioni nikarudi kwenye vinanda, na sasa nikaanza kuviona vilivyo. Kile chepesi, safari ya kibao ilikuwa fupi mno. Kidole kilikuwa kimekwisha kufika chini kabla sijaamua, na chemchemi yake inakirusha. Kilijua kofi, kilijua nzi, katikati hakikujua kitu. Kile kizito kilijua yote. Ule uzito uliokuwa tope sasa ulinipa nafasi ya kuamua kibao kishuke vipi, na vijiti kwenye kioo vikapanda na kushuka kama watu wa familia moja waliosimama kupigwa picha. Lakini nilipoupiga mwendo mara ya tatu, kidole cha pete kilikataa kunyanyuka. Nilikisukuma kwa kingine. Na miendo mingine ilikuwa bado yote.

Kulikuwa na jambo la pili. Wakati wa kukileta kile kirefu, dereva wa bajaji alimwambia mjukuu wangu achague, apande yeye au kipande kinanda. Akakipandisha, mwenyewe akatembea. Harusi zake ziko mjini kote, kila Jumamosi.

"Nitakibeba," akasema nilipomwuliza. "Wewe usiwaze mimi, waza mguso."

Hapo ndipo nilipokosa raha kabisa. Nikikichagua kizito nimempa mtoto mzigo wa miaka kwa ajili ya kazi yangu ya siku tatu, na kidole chenyewe hakitafika mwisho. Nikichagua chepesi wifi atakwenda kaburini na askari. Niliamka alfajiri ya Ijumaa nimevaa kabla ya mtu yeyote, nikaanza kuwagongea.

Tulipofika na vinanda vyake vyote viwili, mwenye duka alikuwa tayari anapanga maboksi.

"Mama umechagua?"

"Nimechagua kilichoko katikati. Unacho?"

Akatazama ukuta. Akasema kipo kimoja, lakini kibaya kwa sura, ndiyo maana hakunionyesha. Akakitoa nyuma ya vingine. Kilikuwa kimebadilika rangi kama jino la mvutaji, kifundo kimoja cha kuzungusha kimeng'oka, urefu wa kubeba kwapani. Alisema kilikuwa cha kanisa fulani huko Ulaya, na kibao kimoja cha mwisho kushoto kinalia kama bawaba kavu.

Safari hii sikutaka sauti. Nilikibonyeza kibao kimoja taratibu mno, nikahisi pale kinapoanza kukubali, na pale kinapogota. Nikakiacha kirudi, nikaona kinarudi na kidole, hakikirushi wala hakikawii. Nikakipiga kibao kile kile kofi dogo, kofi kubwa, nzi, kofi, haraka haraka, kuona kama kitachanganyikiwa. Kisha cheusi, kisha cheupe kando yake, maana kwenye vinanda vingine vyeusi ni vikaidi. Mwenye duka aliacha maboksi yake akasogea.

"Mama ulisema hujui hivi vitu."

"Jana nilikuwa sijui."

Mjukuu wangu akaunga kompyuta juu ya boksi. Vijiti vikatoka, vya kila kimo, ila vyote vilikuwa vifupi kuliko alivyotaka. Akaingia mahali kwenye mipangilio, pana mstari umechorwa kutoka chini kwenda juu. Akaupinda tumbo kidogo.

"Umefanya nini?"

"Nimekiambia mikono yako ni ya mtu mzima, kisikie mapema."

"Na ukipiga wewe, na ule muziki wako wa kukimbia?"

"Nitaunyoosha mstari wangu. Kinakumbuka mistari yote miwili." Akapiga kidogo muziki wake, vidole vinafukuzana, akatikisa kichwa. "Kwangu ni kizito kidogo. Sana siyo." Akakitia kwapani, akazunguka nacho duka zima, akatoka mpaka barabarani, akarudi. "Hiki ndicho, Koko?"

Msikiti wa jirani ulikuwa umeanza kuita watu. Mwenye duka ameshika kufuli. Nilikibonyeza kile kibao kinacholia, nikasikia kinavyolia, nikawaza kama nitajuta. Nikasema ndiyo haraka, kabla sijabadilika.

Baada ya swala tukakiweka mezani kwa wifi. Alikuwa amevaa kanga mpya, amepaka wanja. Hatukulisema hilo.

Nikaanza. Kabla sijafika popote, wifi akanyanyuka. Alishika kiti, akashika ukuta, akaanza kutembea kutoka mlango wa chumba. Mjukuu wangu alitaka kwenda kumshika, akamfukuza kwa mkono. Nami nikafanya kosa la kazi yangu, nikafuata miguu. Nilizoea hivyo, mpigaji anatazama miguu. Noti zikaanza kugongana. Nzito ikaja pahali pa laini, zikawa nzito mbili, zikawa laini mbili, nikapotea.

"Usinitazame!" akasema. "Hii siyo miguu uliyoitungia."

Ilikuwa kweli. Miaka yote ile mguu wa kulia ulikuwa umembeba yeye na mwenzake, na sasa wenyewe ndio uliokuwa unaburuta. Alichechemea pande zote mbili.

"Geuka," akasema. "Tazama ukuta. Nipige mimi."

Akarudi kukaa. Nikageuza kiti. Nikaweka mkono wa kushoto chini ya paja ili usitafute upepo. Kisha nikampiga vile nilivyokuwa ninamjua: kofi dogo la mguu wa kulia, na ule wa kushoto, taratibu, taratibu, umechelewa, unagusa. Kibao kilinipa nilichokiomba. Nikasikia bega linashuka. Nikasikia mkono unakwenda pembeni. Kidole cha pete kiliuma na kikafika. Nilipomaliza sikugeuka mara moja.

"Nimeukamata wote," mjukuu wangu akasema nyuma yangu. Kisha, kwa mazoea ya kazi yake: "Ila kuna noti zinachelewa, karibu kila ya pili. Kompyuta inaweza kuzinyoosha zote zikakaa kwenye mstari, ni kubonyeza mara moja tu."

"Kumnyoosha nani?" wifi akasema. "Mimi? Hospitali ilishindwa. Mama yangu alinikanda kwa mafuta mpaka mikono ikamtoka malengelenge, akashindwa. Leo uninyooshe wewe kwa kidole kimoja? Toa mkono hapo!"

Mjukuu wangu alitoa mkono kwenye kompyuta kama aliyeungua. Akamwambia, haya, bibi, haunyooshwi, akatia sauti kwenye spika.

Tukasikiliza sote watatu, mimi nimesimama maana kukaa sikuweza. Wifi alikuwa amefumba macho. Karibu na mwisho, pale ambapo bibi harusi anakuwa amefika ukingoni mwa mkeka, pana mahali noti laini haiji kwa wakati wake. Inakosekana kwa muda wa pumzi moja, kisha inakuja. Wifi akainua kidole.

"Hapo," akasema. "Hapo nilisimama. Nilitaka kurudi chumbani."

"Najua. Nilikusubiri."

"Miaka yote hii umeukumbuka hivyo?"

"Tangu siku ile ndivyo ulivyo. Sikuweza kuitoa pumzi ile."

Akachukua ncha ya kanga akajifuta wanja uliokuwa umeanza kushuka, akauchafua zaidi.

"Nilidhani hakuna aliyeona," akasema.